Beseni Jeupe Chini ya Mpeasi

Mkunga alikuwa na neno moja ambalo sisi majirani zake tulilisikia kuliko jina la mtu yeyote. Neno hilo lilikuwa "Rudia." Aliwaambia wanafunzi wa uuguzi waliofua mashuka yakabaki na madoa, alimwambia fundi aliyempakia ukuta chokaa, aliwaambia hata wanakwaya walioimba huku wakitazamana na kucheka. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekutajia saa, kisha akaendelea na yake, na wewe ukabaki na kazi yako mikononi.

Mimi nilikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu wa kanisa, huku juu milimani upande wa Lushoto, kwa miaka mingi hadi nilipostaafu. Kati ya nyumba yangu na yake palikuwa na ua wa miti na kijia cha kupita mtu mmoja. Watoto wangu wanne walipokelewa na mikono yake. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa hata alipokuwa hai wachache walilitumia, na habari za kwao na ukoo wake wapo wanaozijua kuliko mimi. Kwetu alikuwa Mkunga tu. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike. Namshukuru Mungu aliyeniweka jirani yake, ingawa shukrani hiyo ina uchungu ndani yake, nami nataka kueleza ulikotoka.

Ukitaka kumjua, anza na beseni.

Lilikuwa beseni la chuma lililopakwa enameli nyeupe, lenye ukingo wa buluu. Lilitoka katika wodi ya wazazi ya hospitali ya misheni alikofanya kazi maisha yake yote. Humo waliogeshwa watoto waliozaliwa. Yalipoletwa ya plastiki, yale ya zamani yaliwekwa nje yatupwe, naye akaomba moja. Siku aliyostaafu alilibeba kichwani hadi nyumbani, na waliomwona njiani walidhani limejaa zawadi. Halikuwa na kitu. Aliliweka juu ya kisiki chini ya mpeasi, mbele ya dirisha lake, akapanga mawe matatu bapa ndani yake, akatia maji, akaingia ndani. Siku ya tatu wakaja ndege, shore kwanza. Baada yao wakaja chiriku, na tetere, na wale chozi wadogo wa rangi ya kijani wanaonyonya maua, na tangu hapo asubuhi yetu haikuwa kimya tena.

Nilimuuliza mawe ni ya nini.

"Enameli inateleza," alisema. "Wewe ungependa kuoga umesimama kwenye utelezi?"

Upande mmoja, ndani, chini kwenye kitako, enameli ilikuwa imebanduka, chuma kikaonekana, mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Hapo alipasugua kuliko pengine pote ili pasishike kutu, na palikuwa peusi, pasafi, panang'aa.

Aliliosha kila asubuhi kabla ya chai. Kwanza alimwaga maji yote kwenye shina la mpeasi. Kisha alitoa mawe na kuyasugua moja moja, akasugua beseni ndani na nje, akasuuza mara tatu, akarudisha mawe, ndipo akatia maji mapya, kina chake kisizidi kidole cha shahada. Hakutumia sabuni, maana alisema sabuni inawavua ndege mafuta yao, nao hulowa kama kuku wa mvuani. Alitumia majani ya msasa, yale yanayokwaruza, ambayo maseremala wa zamani walilainishia mbao. Huku kwetu juu msasa ni wa shida, kwa hiyo kila aliyeteremka Mombo alipewa agizo. Mtu angeweza kwenda Mombo kupokea mgeni, au kununua vitunguu, lakini akirudi bila msasa wa Mkunga alipitia njia ya nyuma.

Adui yake alikuwa ule utelezi wa kijani unaoshika chombo maji yanapokaa. Jua likizidi unakuja, majani yakidondoka unakuja, ndege wakichafua unakuja. Mkunga aliuona kabla haujaonekana. Alipitisha kidole ndani ya beseni, akakisugua na gumba, akajua. Wengine tulidhani kwamba maji yakipungua unaongeza, basi. Kwake hilo lilikuwa kosa kubwa.

"Maji ya jana hayaongezewi," alisema. "Ukiongezea, unampa mgeni uchafu wa jana na unauita maji."

Jumapili moja mzee mmoja wa kanisa alimkuta ameinama juu ya beseni, na kengele ya kwanza imeshapigwa. Mzee huyo alikuwa mtu mwema, lakini alipenda kuonya.

"Mkunga, leo siku ya Bwana. Unafanya kazi?"

"Nafanya."

"Ndege wana mito, mama. Mlima wote huu maji yanatiririka."

"Na wewe mto unapita nyuma ya nyumba yako. Mbona umejenga bafu?"

Tuliokuwa njiani tulicheka, na yule mzee akacheka mwenyewe, akatangulia kanisani. Mkunga alifika wakati wa wimbo wa pili, mikono ikinuka majani. Hakuimba. Sikumwona akiimba hata siku moja. Alisimama, akashika kitabu kimefunguliwa mahali pake, akafuata mistari kwa macho. Alisema amesikia kelele za kutosha katika kazi yake na sasa anapenda kusikiliza.

Ulipomsalimia hakuitikia kwanza, alikutazama vidole. "Shikamoo, Mkunga." Kimya. "Nionyeshe kucha." Ukionyesha, na zikiwa safi, ndipo: "Marahaba, mwanangu." Mchungaji mpya alipoletwa kwetu hatukumwonya, na hapo tulikosa adabu. Alinyoosha mkono kwa heshima zote, akaambiwa aonyeshe kucha mbele ya baraza zima la wazee. Alizionyesha. Mkunga alizigeuza huku na huku, akasema, "Utatubatizia watoto vizuri," na mchungaji akapumua.

Watoto aliowapokea hakuwakumbuka kwa majina. Aliwakumbuka kwa jinsi walivyokuja. Katika arusi moja alisimama kutoa neno, tukategemea baraka, naye akamgeukia bwana arusi: "Wewe ulitanguliza miguu. Mama yako aliteseka tangu asubuhi hadi usiku, na mvua ilikuwa inanyesha, na taa ya mafuta ilizimika mara mbili. Leo umevaa suti. Mtunze huyu binti, maana na yeye kuna mtu aliteseka." Akakaa. Mama wa bwana arusi alilia, na nadhani hakuna hotuba nyingine iliyokumbukwa siku ile.

Ukimsikia hivi unaweza kudhani alikuwa mpole kwa viumbe. Hakuwa hivyo. Alichinja jogoo wa Krismasi kwa mkono wake mwenyewe bila kupepesa macho, na kunguru aliyetua kwenye beseni alirushiwa jiwe. Wala usidhani nyumba yake iling'aa. Jiko lake lilikuwa jeusi kwa masizi, na kikombe chake cha chai kilikuwa na utando wa kahawia ndani usiowahi kusuguliwa. Siku moja nilithubutu kukitaja.

"Hicho ni changu," alisema. "Kikileta ugonjwa, nitaugua mwenyewe. Beseni ni la wengine."

Jambo moja lilinisumbua, mimi niliyepewa kazi ya kulinda roho za watu. Kila mwaka, mvua za vuli zilipoanza, ilikuwapo Jumapili moja ambayo Mkunga hakwenda mbele kwenye Meza ya Bwana. Wenzake wa benchi walipita mbele ya magoti yake, wakaenda, wakarudi, naye amekaa na mikono mapajani. Jumapili iliyofuata alikwenda kama kawaida. Miaka kadhaa nilinyamaza. Halafu nikamfuata nyumbani.

"Mama, kuna jambo?"

"Lipo."

"Tuombe pamoja?"

"Omba, nakushukuru. Lakini hili halimalizwi na maombi yako, Mwinjilisti. Kuna mtu nilitakiwa kumwambia neno, sikumwambia."

"Yuko wapi?"

"Ningejua, ningekuwa nimekaa hapa?"

Niliomba, nikaondoka. Sikumuuliza tena. Nilidhani ni ugomvi wa kindugu, na nikamwombea hivyo.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Mwaka wake wa mwisho, katikati ya masika, aliteleza kwenye tope la mlangoni kwake akavunjika nyonga. Vijana walimbeba kwa machela hadi barabarani ambako gari lilisubiri. Uso wake ulikuwa wa majivu kwa maumivu. Walipofika kwenye kona ya ua wangu aliwaambia wasimame, akaniita.

"Mwinjilisti. Beseni."

"Nimesikia, mama."

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi."

"Maji ya jana?"

"Hayaongezewi."

"Haya, twendeni," akawaambia vijana, nao wakamchukua. Alilazwa wilayani, kisha mpwa wake, mwanamke anayeishi Tanga, akamchukua kwake auguzwe. Kwa jumla hakuwapo kwa majuma saba.

Juma la kwanza niliosha kama nilivyofundishwa. La pili pia. Juma la tatu ukungu uliingia kwenye nyanya zangu kule bondeni. Anayelima huku anajua: ukungu ukikukuta umelala, baada ya siku nne huna shamba. Nilishuka bondeni alfajiri, bomba la dawa mgongoni, nikarudi jioni nimechoka. Siku moja sikuosha. Siku iliyofuata nilimwaga nusu nikaongeza nusu. Baadaye nikawa naongezea tu, na nilipopita pale sikutazama ndani. Ndege waliendelea kuja, na mimi nilichukulia kuja kwao kuwa ushahidi kwamba mambo ni mazuri.

Alhamisi moja mpwa wake alipiga simu. Daktari ameruhusu, Jumamosi mchana watafika. Nilikwenda kwenye mpeasi, nikatazama ndani ya beseni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Weupe haukuonekana. Lilikuwa la kijani kote, nene, na mawe yamevaa manyoya ya kijani. Msasa ulikuwa umekwisha, na sikuwa nimemwagiza mtu Mombo. Vidole vyangu vina baridi yabisi, na asubuhi ile havikukunjika. Nilisugua kwa kitambaa, ukijani ukahama kutoka hapa kwenda pale.

Ndipo nikakumbuka mrututu.

Mrututu ndio ile dawa ya buluu, ya chembechembe kama chumvi ya mawe, tunayoichanganya na chokaa na kupulizia viazi na nyanya. Ulikuwa umebaki kwenye mfuko stoo. Nasema wazi nilivyowaza, ili mtu asinitafutie udhuru. Niliwaza: dawa inayoua ukungu itaua na ukijani huu. Nikawaza tena: nyanya tunazipulizia, tunazila, hatufi. Nikatia konzi moja nzima ndani ya maji, nikakoroga kwa kijiti. Nilikusudia iachwe hadi kesho yake, nimwage, nisuuze, nijaze maji safi, na Jumamosi Mkunga akute beseni jeupe.

Ijumaa asubuhi ukijani ulikuwa umekufa na kuzama, na maji yalikuwa maangavu, ya buluu, mazuri kuliko maji yoyote niliyowahi kuyaona pale. Niliridhika. Namwomba Mungu anisamehe kuridhika kule. Kabla sijamwaga nikaletewa habari ya msiba Mponde, kwenye mashamba ya chai, wa mtu niliyemfundisha kipaimara zamani, na gari la waombolezaji lilikuwa linaondoka saa hiyo hiyo. Nilisema moyoni, nitamwaga nikirudi jioni. Jioni mvua iliangusha udongo barabarani, hatukuweza kupita, tukalala huko huko msibani. Nilirudi Jumamosi saa nne asubuhi na lori la kabichi.

Shore sita, tetere wawili, chiriku watatu, na chozi mmoja, mwepesi kama ganda la kitunguu. Wengine walikuwa kwenye nyasi, wengine chini ya ua. Chozi alikuwa ndani ya beseni, amelala juu ya jiwe alilowekewa asiteleze.

Gari kutoka Tanga lilikuwa njiani. Nilichukua jembe, nikachimba shimo moja nyuma ya ua, nikawaweka wote kumi na wawili, nikafukia, nikatandaza majani juu. Mimi niliyezika watu wengi sikusema hata neno. Kisha niliosha beseni, mara nne au tano, vidole vikiuma, nikajaza maji. Pale kwenye kitako, enameli ilipobanduka, niliona rangi imegeuka. Nilidhani ni kutu.

Alishushwa garini akiwa mwepesi kama mtoto. Walimweka kwenye kiti mbele ya dirisha. Macho yake yalikuwa yamefifia. Cha mbali hakukiona, lakini kitu ukikisogeza karibu na pua yake alikiona vizuri kuliko mimi. Aligeuza uso upande wa mpeasi.

"Wamekuja nani leo?" aliniuliza.

"Shore, mama. Wawili."

"Wazima?"

"Wazima."

Hawakuja siku ile, wala juma lile, wala mwezi ule. Kama wako ndege wanaoambiana habari mimi sijui, lakini hakuna aliyetua pale. Nilikwenda kila asubuhi, nikaosha kwa msasa, mawe moja moja, suuza tatu, kina cha kidole. Hakuna beseni lililowahi kuoshwa vile kwa ajili ya asiyekuja. Na kila asubuhi alinisikia nikirudisha mawe, akauliza kupitia dirishani wamekuja nani, nami nikamtajia. Shore wawili. Tetere mmoja. Siku nyingine, ili nisionekane nabahatisha, nilimwambia leo hawajaja bado, labda ni baridi. Aliitikia, "Haya." Hakubishana hata mara moja.

Mwezi wa pili aliomba aletewe beseni mapajani. Mpwa wake, aliyebaki kumuuguza, alimletea. Mkunga aliliinua hadi puani, akalizungusha polepole, akaingiza mkono ndani. Kidole gumba chake kilikaa pale palipobanduka, kikakaa muda mrefu. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Rudisheni," alisema.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, kutoka masika hadi vuli. Alikuwa anadhoofika, sote tulimwona. Jumapili ya Meza ya Bwana nilikwenda mbele pamoja na wengine, nikapokea, nikarudi kwenye benchi. Mvua za vuli zilipoanza ikafika ile Jumapili yake ya kila mwaka. Kwa kuwa hakuweza tena kufika kanisani, mchungaji alimpelekea Meza ya Bwana nyumbani, nami nikamsindikiza. Mkunga alimshukuru, akasema leo hapana, aje juma lijalo. Mimi nilipokea, pale pale mbele yake, mwongo peke yangu katika chumba kile.

Majilio yakaingia. Mwinjilisti aliyenirithi alisafiri, nikaombwa nihubiri Jumapili. Neno lilihusu toba. Jumamosi asubuhi nilikaa mezani na kalamu, nikaandika kichwa cha mahubiri, na chini yake sikuweza kuandika kitu. Nilifunga daftari, nikapita kwenye kijia.

Mpwa wake alikuwa nje anaanika nguo. Mkunga alikuwa kwenye kiti chake mbele ya dirisha, shuka mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwinjilisti. Wamekuja nani?"

"Hakuna."

Aligeuza uso kutoka dirishani.

"Sema tena."

"Hakuna, mama. Hawajaja tangu siku uliyorudi. Niliwaua mimi."

Alivuta shuka mabegani. Kisha alisema, "Kwa mrututu."

Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Niletee beseni." Nililileta, maji yakiwa yameshamwagwa. Aliligeuza, akaweka kidole pale pale.

"Hapa palikuwa peusi miaka yote," alisema. "Nilivyorudi pamekuwa pekundu, kama senti za zamani. Nilipokuwa msichana tuliosha vidonda vya watu kwa mrututu. Sista mkuu alitukataza kuutia kwenye chombo cha chuma, maana chuma kikiugusa kinageuka hivi. Nimekusikia ukipasugua. Hapatoki."

"Umejua tangu siku ile uliyolishika?"

"Siku ile nilijua ni nini. Tangu nilipofika nilijua kuna kitu. Mimi macho ndiyo hayaoni, baba. Masikio yapo. Unaniambia shore wawili, na pale nje ni kimya kama wodi isiyo na mtoto."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Mwenye neno la kusema ulikuwa wewe."

Nilimweleza yote, nyanya, kuongezea, konzi, msiba wa Mponde. Niliposema Mponde, alifumba macho.

"Nami niliyemkosea alitoka Mponde," alisema. "Mchuma chai, mgeni huku, hata Kishambaa hakukijua. Nilikuwa kijana kazini, mvua za vuli zimeanza. Nikaulizwa na sista, beseni limeoshwa? Nikasema, limeoshwa. Sikuwa nimetazama. Mwenzangu wa zamu aliniambia ameosha, na mimi nilitaka kwenda kula. Mtoto aliogeshwa humo. Siku ya tano kitovu kilikuwa kimeoza, siku ya nane akafa. Mama yake alinishukuru, unasikia? Alinishika mikono akanishukuru kwa kumhudumia. Akaondoka na kanga tupu mgongoni. Nilikaa mwaka mzima nikijiambia nitakwenda. Nilipokwenda Mponde, wakaniambia amekwisha rudi kwao, na kwao wapi hakuna aliyejua."

Mpwa wake aliingia na kapu la nguo, akatutazama, akatoka tena.

"Kila nilipokusikia ukinitajia ndege," Mkunga aliendelea, "nilikuwa naogopa. Nilisema, huyu nitakufa hajasema, naye atabaki kama mimi."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nakusubiri uje kuchukua." Alipumzika, akavuta pumzi. "Uliwazika wapi?"

"Nyuma ya ua."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Ilikuwa masika," alisema. "Walikuwa na makinda."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Miezi yote ile, katika hesabu zangu zote za dhambi, sikuwa nimeliwaza. Nililia pale kwenye kigoda, mzee mwenye mvi, na yeye hakuniambia ninyamaze. Alikuwa amekaa na wanawake wengi waliolia na alijua kungoja.

Nilipotulia aliniambia nilete msasa na ndoo, nifanye kazi pale pale, karibu na miguu yake, asikie. Nilisugua mawe moja moja. Nilisugua ukingo wa buluu, nikasugua ndani, nikapita pale pekundu nikijua hapatatoka, nikasuuza mara tatu. Nikamsogezea beseni. Alitumbukiza kidole, akakizungusha chini yote bila haraka, akakitoa, akakisugua na gumba. Nje palikuwa kimya.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.